Kurudi nyuma kwa Kiingereza: namna ya kuchagua kati ya withdraw, retreat, back out na wenzao

Kijana mmoja aliniletea rasimu ya barua pepe niipitie kabla hajaituma. Alikuwa ameomba kazi sehemu mbili, amepata moja, na sasa alitaka kuiarifu ile ofisi ya pili kwamba haendelei na usaili. Aliandika hivi: "I am retreating from your interview because I have backed down." Kisarufi sentensi hiyo haina kosa, na kamusi ingemtetea neno kwa neno. Lakini mwenye lugha akiisoma anaona mtu aliyekimbia usaili kama askari anavyokimbia risasi, kisha akanywea mbele ya mtu aliyekuwa akibishana naye. Alichotaka kusema kilihitaji kitenzi kimoja tu: "I would like to withdraw my application."

Kazi yangu ya kila siku ni kutafsiri na kusahihisha maandishi, na kosa la namna hii nakutana nalo kila mara, hata kwa watu wenye Kiingereza kizuri. Sababu naiona hivi. Kwa Kiswahili tukisema "kurudi nyuma", "kujitoa" na "kujiondoa" tumemaliza. Maneno hayo matatu yanabeba askari, mgombea, mchumba, timu, hata nchi nzima. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi zaidi ya ishirini, na kila kimoja kina mlango wake. Ukiingilia mlango usio wako utaeleweka, ila utaeleweka vibaya, na hilo ni gumu zaidi kulirekebisha kuliko kutoeleweka kabisa.

Njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayoitumia mwenyewe mezani.

Hatua ya kwanza: nyoosha Kiswahili chako kabla hujagusa Kiingereza

Andika sentensi yako kwa Kiswahili, kisha futa "kujitoa" au "kurudi nyuma" na uweke kitenzi kinachobana zaidi. Vipo, tena vingi, ila tumevizoea hadi hatuvioni. Je, mtu ameghairi? Amenywea? Amelegeza msimamo? Ameingia mitini? Amefuta kauli? Ameng'atuka? Amejitenga? Au ni maji ndiyo yamepwa?

Ukishapata jibu hilo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu Kiingereza kinauliza maswali yaleyale. Aliyeghairi jambo aliloliahidi ni "back out". Aliyenywea katika mabishano ni "back down". Aliyefuta kauli ni "withdraw", "retract" au "take back", kutegemea yuko wapi na anazungumza na nani. Aliyeng'atuka ni "step down". Bahari inapokupwa, "the tide goes out" au "the tide ebbs". Yule aliyeingia mitini baada ya kuahidi naye ni "back out", ingawa Kiingereza hakina picha nzuri kama yetu ya mtu anayepotelea vichakani.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia hapa. Kiswahili chenyewe kina mtego katika neno hili. "Amejitoa" linaweza kumaanisha ameondoka kwenye jambo, na linaweza kumaanisha amelitumikia kwa moyo wake wote, kama tunaposema mama amejitoa kwa ajili ya wanawe. Niliwahi kusoma tafsiri ya wasifu wa mfanyakazi aliyesifiwa kwa "kujitoa kwake", na mtafsiri akaandika "his withdrawal". Sifa imegeuka lawama kwa neno moja. Maana hiyo ya pili kwa Kiingereza ni "commitment", "dedication" au "sacrifice", na haina undugu wowote na kurudi nyuma.

Hatua ya pili: kimiliki kitenzi "withdraw"

Kama utajifunza kimoja tu, jifunze hiki. Ndicho kitenzi cha heshima na cha maandishi rasmi, na hakimuonyeshi mtu kuwa mwoga wala kuwa ameshindwa. Ukiwa na shaka katika barua, "withdraw" ni nadra kukuangusha.

Watu wengi hushangaa kuona "with" humo ndani, kwa kuwa wamefundishwa kwamba "with" ni "pamoja na". Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya "dhidi ya", na hapa limebeba maana ya "kutoka kwa, kurudisha nyuma". Maana hiyo ya zamani imebaki kwenye maneno machache: "withhold", kuzuia kitu kisimfikie mtu, "withstand", kuhimili, na hiki chetu, ambacho kwa asili ni kuvuta kitu kukirudisha. Ukikumbuka kwamba ndani yake mna "draw", yaani kuvuta, hutasahau maumbo yake: "withdraw, withdrew, withdrawn". "Withdrawed" halipo.

Kinatumika kwa namna mbili. Namna ya kwanza kinafuatwa na kitu kinachoondolewa: unaweza "withdraw" pesa benki, maombi, malalamiko, ofa, ruhusa uliyoitoa, uungaji mkono, majeshi, hata dawa iliyogundulika kuwa na madhara ikaondolewa sokoni. Namna ya pili kinasimama peke yake kikifuatwa na "from": mtu au nchi "withdraws from" mashindano, mazungumzo au mkataba.

Hapa ndipo ile "-ji-" yetu inapotuponza. Kwa kuwa tunasema "nimejitoa", mikono inaandika yenyewe "I have withdrawn myself from the competition". Kiingereza cha leo hakihitaji "myself" hapo. Sema "I have withdrawn from the competition" na uishie hapo. Umbo lenye nafsi lilikuwepo zamani, na msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 atalikuta katika Luka 5:16, Yesu "withdrew himself" kwenda nyikani kusali. Tafsiri nyingi za sasa zinasema "withdrew" tu. Ukiandika "withdraw myself" leo hutaonekana umekosea vibaya, utaonekana umetoka karne nyingine.

Nomino yake ni "withdrawal", yenye "-al" mwishoni. Mashine ya kutolea pesa inaandika "withdrawal". Mtu hafanyi "a withdraw". Nomino hiyohiyo ndiyo inayotumika kwa hali ya mwili unapokosa dawa za kulevya, pombe au sigara uliyoizoea, ile ambayo mitaani huitwa arosto. Wao husema "withdrawal symptoms", au kwa kifupi "he is going through withdrawal". Nayo "withdrawn", ikitumika kumwelezea mtu, si aliyejitoa popote. Ni mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake, haongei, amejitenga na wenzake. Mwalimu akiandika kwenye ripoti kwamba mtoto "has become withdrawn", mzazi asidhani mtoto ameacha masomo. Anaambiwa mtoto amebadilika, amekuwa mkimya kupita kawaida, na pengine kuna jambo linamsumbua. Mzazi akiielewa vibaya sentensi hiyo anaweza kuulizia ada wakati alipaswa kuulizia hali ya mwanawe.

Mfano unaoonyesha sura mbili za kitenzi hiki kwa pamoja uko katika Bunge la Uingereza. Kanuni za bunge hilo haziruhusu mbunge kumwita mbunge mwenzake mwongo. Akifanya hivyo, Spika humwambia afute kauli, na kitenzi cha kufuta ni "withdraw". Tarehe 22 Julai 2021 mbunge Dawn Butler alisema ukumbini kwamba waziri mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, amekuwa akiwadanganya wananchi. Alitakiwa kuyafikiria upya maneno yake, akashikilia. Basi akaamriwa atoke nje ya ukumbi kwa muda wote uliosalia siku hiyo, na kitenzi cha kumtoa mbunge ukumbini ni kilekile, "withdraw". Asiyeondoa maneno huondoka mwenyewe. Ukiuelewa mfano huo umeelewa zile namna mbili: kuondoa kitu, na kuondoka mwenyewe.

Hatua ya tatu: "retreat" iachie vita, barafu na mafungo

"Retreat" nayo kwa asili ni kuvuta nyuma, ila imetoka Kilatini kupitia Kifaransa, na ilipofika kwenye Kiingereza ilivaa sare ya jeshi. Inasema kwamba kuna nguvu iliyokusukuma. Napoleon aliingia Moscow Septemba 1812, na Oktoba mwaka huohuo jeshi lake likaanza kurudi katika njaa, baridi na mashambulizi. Waingereza huita tukio hilo "the retreat from Moscow". Hawaliiti "withdrawal", kwa sababu "withdrawal" ingedokeza kwamba waliondoka kwa mpango wao na kwa muda wao.

Ndiyo maana wanajeshi wenyewe hulikwepa neno hili. Desemba 1950, wakati wa vita vya Korea, kikosi cha Wamarekani kilizingirwa karibu na bwawa la Chosin, na kikalazimika kupigana ili kipate njia ya kutoka. Jenerali wao, Oliver Smith, ananasibishwa na kauli kwamba hawafanyi "retreat", wanashambulia kuelekea upande mwingine. Kauli hiyo ina mantiki yake: aliyezungukwa pande zote hana nyuma ya kurudi. Lakini inaonyesha pia uzito wa neno. Serikali ikiondoa askari wake mahali popote, yenyewe husema "withdrawal", na wapinzani wake husema "retreat". Ukisoma habari, chagua la mwandishi kama unamnukuu. Ukiandika yako, jiulize kama kweli kulikuwa na aliyekuwa akisukuma.

Na kama watu wamehamishwa ili kuokolewa, hiyo ni "evacuate". Kati ya Mei 26 na Juni 4 mwaka 1940 wanajeshi zaidi ya 338,000 walivushwa kutoka bandari na fukwe za Dunkirk, Ufaransa, kwenda Uingereza. Kurudi kwao hadi ufukweni kulikuwa "retreat". Kuvushwa kwao kulikuwa "evacuation". Mambo mawili, maneno mawili.

Nje ya vita, "retreat" ina makao mawili ya kudumu. Barafu ya milimani inayopungua mwaka hadi mwaka "is retreating"; hapo joto ndilo linalosukuma. Na kama nomino, "a retreat" ni mahali au muda wa kujitenga kwa utulivu: mafungo ya kiroho, au siku chache ambazo wafanyakazi wa taasisi hutoka ofisini kwenda kupanga mambo yao mahali tulivu. Maana hii haina aibu wala kushindwa. Kwa hiyo ukialikwa kwenye "staff retreat" usiogope, hakuna anayekimbia.

Hatua ya nne: tenganisha ndugu wanne wa "back"

Hapa ndipo watu huchanganya zaidi, kwa sababu vyote vinaanza sawa na kinachobadilika ni kijineno kidogo cha mwisho. Mimi navifundisha kwa kisa kimoja.

Muuzaji wa gari na mnunuzi wamesimama kando ya gari. Muuzaji ameapa kwamba bei haishuki hata senti. Mnunuzi anabisha, wanavutana, sauti zinapanda. Mnunuzi anamsogelea mwenzake karibu mno, kidole kimeelekea usoni. Muuzaji anamwambia: "Back off!" Yaani niachie nafasi, usinisogelee, usinibane. Mnunuzi anagundua amevuka mpaka, anapiga hatua mbili za kinyumenyume huku macho yakiwa bado kwa muuzaji: "He backed away." Hicho ni kitendo cha mwili, unakiona. Hasira zinashuka. Muuzaji anatazama saa, anatazama gari ambalo limekaa miezi bila mteja, na mwishowe anakubali kupunguza bei: "The seller backed down." Miguu yake haijasogea hata kidogo, kilichosogea ni msimamo wake. Wanapeana mikono. Kesho yake asubuhi mnunuzi anapiga simu, anasema amefikiri na hataki tena: "The buyer backed out." Hapo kilichovunjika ni makubaliano.

Kikariri kisa hicho na utakuwa na vyote vinne. "Off" ni kumpa mtu nafasi, "away" ni miguu, "down" ni msimamo, "out" ni ahadi.

Kuna jambo moja la adabu hapa ambalo vitabu vya sarufi havilisemi vya kutosha. "Back down" humwacha mtu akionekana ameshindwa, na "back out" humwacha akionekana si mtu wa kutegemewa. Kwa hiyo usimwambie bosi wako "Thank you for backing down on the deadline", hata kama moyoni unamshukuru kweli. Umemwambia amenywea. Sema "Thank you for reconsidering the deadline". Vilevile, ukimwambia rafiki "You backed out", jua kwamba umemlaumu. Kama unataka kusema tu kwamba hakuweza kufika, "You couldn't make it" inatosha na haina mwiba. Na kama sababu ya kughairi ilikuwa woga, mazungumzo ya kawaida yana "chicken out", lililojengwa juu ya kuku kama alama ya woga. Litumie kwa rafiki wa karibu tu, kamwe si kwenye barua.

Usimchanganye yeyote kati ya hao wanne na "back up". Huyo ni kurudisha gari kinyume, au kumuunga mtu mkono, au kuhifadhi nakala ya mafaili. "Back me up" ni ombi la kuungwa mkono, na anayeielewa kama "rudi nyuma" atamwacha mwenzake peke yake wakati wa shida.

Hatua ya tano: panda na kushuka ngazi ya urasmi

Jambo moja linaweza kusemwa kwa sauti tatu. Tazama Uingereza ilivyotoka katika Umoja wa Ulaya. Karatasi ya kura ya Juni 23, 2016 iliwaandikia wananchi neno jepesi kuliko yote, "leave", kwa sababu kila mpiga kura alipaswa kulielewa mara moja. Mkataba wa Umoja huo, katika kifungu cha 50 kinachohusu nchi inayotaka kutoka, unasema "withdraw", na makubaliano yaliyotiwa saini kabla ya nchi hiyo kutoka rasmi Januari 31, 2020 yaliitwa "Withdrawal Agreement". Kati ya hayo mawili kuna "pull out", ambalo ndilo la vichwa vya habari na mazungumzo ya kawaida.

Ukiandika mkataba, tumia "withdraw". Ukimsimulia jirani, "pull out" linatosha. Ila "pull out" lina ukali fulani, kama mtu anayechomoa kitu kwa nguvu. Mfadhili aliye "pulled out" anaonekana amewaacha watu kwenye mataa. Na barabarani lina maana nyingine kabisa: gari lililo "pulled out" limetoka pembeni na kuingia barabarani, yaani limeenda mbele.

"Drop out" ni la mwanafunzi aliyeacha masomo kabla ya kumaliza, au mshiriki aliyeacha mashindano njiani. "Opt out" ni kuchagua kutokuwemo katika kitu ambacho wengine wote wamewekwa moja kwa moja, kama orodha ya kupokea matangazo. Hilo halina lawama yoyote, ni haki yako umeitumia.

Kuhusu vihusishi, kuna kanuni rahisi ambayo sijaona ikiniangusha kwa vitenzi hivi: kitenzi chenye "out" hufuatwa na "of", na vingine kwa kawaida hufuatwa na "from". Kwa hiyo "back out of, pull out of, drop out of, opt out of", lakini "withdraw from, retreat from, back down from, recoil from". Ukiandika "withdraw out of" umeunganisha vichwa viwili kwenye mwili mmoja.

Hatua ya sita: anayeachia kiti, angalia anaachia nini

Kiswahili kina utajiri hapa. Kustaafu, kujiuzulu, kuachia ngazi, na kung'atuka, neno ambalo wengi tulilizoea Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985. Kiingereza: kustaafu ni "retire", kujiuzulu ni "resign", na "step down" ndilo linalokaribia kung'atuka, kwa sababu haliambii kama mtu amesukumwa au ametaka mwenyewe. "Step aside" ni kukaa pembeni ili mwingine apite, mara nyingi kwa muda. "Bow out" ni kuondoka kwa heshima, kama msanii anayeinamisha kichwa mbele ya watazamaji, au timu iliyotolewa mashindanoni.

Julai 21, 2024, Joe Biden alitangaza kwamba hatagombea tena urais wa Marekani. Katika barua yake alitumia "stand down". Watangazaji walisema "drops out of the race" na "withdraws from the race". Mtu akitafsiri haraka atasema "Biden ajiuzulu", na atakuwa amepotosha habari kubwa kabisa: hakuachia kiti, aliendelea kuwa rais hadi Januari 20, 2025. Alichokiacha ni kinyang'anyiro. Kabla hujaandika lolote kuhusu kiongozi, uliza kwanza: ameacha kiti au ameacha mbio za kukitafuta?

"Retire" nayo ina maana za pembeni. Dereva wa mashindano ya magari aliye "retired" katikati ya mbio hajastaafu, ameshindwa kuzimaliza siku hiyo, pengine injini imekufa. Wazee wa baraza la mahakama "retire" wanapokwenda chumbani kujadili uamuzi. Na mtu wa kizamani kidogo "retires" usiku, maana yake anakwenda kulala.

Mpenzi wa michezo ajihadhari na kistari kimoja. "Resign" ni kujiuzulu, na "s" yake husomwa kama "z". "Re-sign", yenye kistari, ni kusaini mkataba upya, na "s" yake hubaki "s". Mchezaji mmoja anaondoka, mwingine anabaki, na tofauti yao ni alama ndogo katikati ya neno.

Hatua ya saba: vitu visivyo na miguu

Maji ya mafuriko yakipungua, "recede". Nywele zinaporudi nyuma kipajini, "his hairline is receding". Fizi zikishuka na kuacha meno wazi, daktari husema "receding gums". Hatari, kumbukumbu na sauti navyo huweza "recede", vikififia taratibu. Hakifuatwi na yambwa: huwezi "recede" kitu. Na mtu haondoki mkutanoni kwa "recede", isipokuwa unaelezea umbo lake likififia kwa mbali. Maumivu, dhoruba na hasira zikitulia, tumia "subside".

"Retract" ni kurudisha ndani au kufuta kilichokwisha kutamkwa. Paka "retracts" kucha zake, ndege ya abiria "retracts" magurudumu baada ya kuruka. Katika sayansi neno hili ni zito sana. Mwaka 1998 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha makala iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Februari 2010 jarida hilo liliifuta makala hiyo, na kitenzi kilikuwa "retract". Kwa muda wa miaka kumi na miwili hofu hiyo ilikuwa imeshatembea nyumba kwa nyumba. Nyumbani, ukimwambia ndugu yako neno baya kisha ukajuta, usiseme "I retract my statement", utasikika kama wakili. Sema "I take that back. I'm sorry."

"Recoil" ni kurudi nyuma kwa mshtuko, ule mwili unaoruka kabla akili haijafikiri, kama ukikanyaga kitu ukadhani ni nyoka. Bunduki nayo "recoils" inaposukuma bega la mpigaji. Kuikwepa kazi ngumu kwa kuogopa uzito wake ni "shrink from", na sifa ya mtu jasiri ni kwamba "she does not shrink from the truth".

Hatua ya nane: andika barua yako

Turudi kwa yule kijana. Tulikaa, tukaanza na Kiswahili. Je, uliahidi? Hapana, niliomba tu. Ulibishana na mtu? Hapana. Kuna aliyekusukuma? Hapana, nimepata kazi nyingine. Basi kinachoondolewa ni maombi, na anayeyaondoa ni mwenyewe. Barua ikawa hii:

"Dear Sir or Madam, thank you for inviting me to an interview. I am writing to withdraw my application, as I have accepted another position. I am grateful for your time and I apologise for any inconvenience."

Sentensi tatu. Ya kwanza inashukuru, ya pili inaondoa maombi na kutoa sababu bila maelezo marefu, ya tatu inafunga kwa adabu. Kama jina la mwandikiwa linajulikana, weka jina lake badala ya "Sir or Madam".

Barua hiyo inafaa kabla hujapewa kazi. Wakishakupa ofa hakuna tena maombi ya kuondoa, kwa hiyo kitenzi kinabadilika kuwa "decline": "I have decided to decline your offer." Na kama ulikwisha kukubali ofa kisha mambo yakabadilika, midomoni watu watasema "he backed out", lakini wewe kwenye barua usijiandikie lawama hiyo. Andika "I am sorry to tell you that I am no longer able to take up the position", na uitume mapema iwezekanavyo, ili wapate muda wa kumpigia simu aliyekuwa wa pili.